Tikiti ya Mwezi Mzima

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa barazani nikichonga mpini wa jembe, nikamwona jirani yangu, mzee mmoja mkulima wa kahawa, akija kwa mwendo wa haraka. Nilimkaribisha chai, hakuigusa. Akaketi, akatoa simu mfukoni, akasema: "Mwalimu, nisaidie kusikiliza maneno haya. Huenda masikio yangu yamezeeka."

Sauti iliyotoka simuni ilikuwa ya mwanawe wa pili, yule anayesoma chuo huko Birmingham, Uingereza. Kijana alikuwa amemtumia dada yake salamu, na dada, bila ya kufikiri, akampa baba naye azisikilize. Baada ya kuuliza hali ya nyumbani, kijana alisema hivi: mwezi wa Desemba alikwenda sinema mara 11, wala hakulipa tikiti hata moja mlangoni, maana anayo kadi ya kuingia bila kikomo.

"Mara kumi na moja, Mwalimu!" mzee akasema. "Nimeuza ng'ombe wawili na kahawa ya misimu miwili. Je, nilimpeleka kusoma, au kutazama picha?"

Sikumjibu siku ile. Mtu mwenye hasira hasikii hesabu. Nilimwomba anipe siku tatu nizungumze na kijana mwenyewe, kwa kuwa nilimfundisha hesabu darasa la tano, nami najua hanifichi neno. Mambo niliyoyapata nawaandikia leo, kwa ruhusa ya baba na ya mwana. Wengi wenu mnao watoto na ndugu katika Ulaya na Marekani, na kadi hizi zimeenea sana huko. Na ninyi msio na mtu huko, msiache kusoma. Mwishoni mtaona kwamba kadi hii inao ndugu zake hapa kwetu.

Kadi hii ni kitu gani?

Sinema ya kijijini twaijua. Kwenye kibanda umiza unalipa kiingilio mlangoni, unatazama, unatoka. Kesho ukitaka tena, unalipa tena. Majumba makubwa ya sinema ya Ulaya nayo yalikuwa na desturi hiyo: kila filamu na tikiti yake.

Mwezi wa Machi mwaka 2000, kampuni ya UGC ya Ufaransa ilileta jambo jipya. Mtu alilipa faranga 98 kila mwezi, akapewa kadi yake mwenyewe, akaingia katika majumba ya kampuni hiyo mara nyingi apendavyo. Wenye majumba madogo walilalamika sana, wakiogopa kwamba watazamaji wote watakimbilia kwa mkubwa. Serikali ikaingia kati. Sheria ya Mei 2001 ikaziweka kadi hizo chini ya ruhusa na masharti, ili wenye filamu wapate haki yao hata kwa mtazamaji aliyeingia kwa kadi. Walakini kadi zenyewe hazikufa. Zipo mpaka leo.

UGC walikuwa na majumba Uingereza pia. Baadaye majumba hayo yalichukuliwa na kampuni ya Cineworld, nayo ikaendelea na kadi iitwayo Unlimited. Mwaka 2016 kampuni ya Odeon ikatoa ya kwake, iitwayo Limitless. Huko Marekani kampuni ya AMC ilianza yake Juni 2018, kwa dola 19 na senti 95 kwa mwezi. Hiyo ya AMC ilipoanza ilikuwa na mpaka: filamu 3 kwa juma, basi.

Majina hayo ya Kiingereza maana yake ni moja: bila kikomo. Kumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

Kwa nini tajiri akubali?

Mzee aliniuliza swali zuri: "Huyu mwenye jumba ni mjinga? Anapata faida gani kwa mtu aingiaye mara kumi na moja kwa bei ya mara mbili?"

Hasha, si mjinga. Fikiri basi la abiria liendalo mjini. Likiondoka stendi na viti kumi vitupu, mafuta ni yale yale, na dereva ni yule yule. Jumba la sinema ni hivyo hivyo. Siku ya Jumanne mchana viti vingi ni vitupu, na filamu yaonyeshwa vilevile, na taa zawaka vilevile. Mtu wa kadi akikaa kwenye kiti ambacho kingebaki kitupu, hasara ya mwenye jumba ni ndogo. Na kwa kuwa kadi ni ya mwezi, fedha inaingia kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake.

Tena kuna bisi. Sisi wakulima wa mahindi twajua bei ya kikombe kimoja cha mahindi. Huko kikombe hicho kikishalipuka na kutiwa chumvi au sukari, chauzwa kwa pauni kadhaa. Katika fedha ya tikiti, sehemu kubwa yaenda kwa wenye filamu. Lakini fedha ya bisi na soda yabaki karibu yote hapo hapo jumbani. Kwa hiyo mwenye jumba afurahi akuonapo mara nyingi, maana kila uingiapo wapita mbele ya bisi.

Na jambo la tatu: wapo wengi wanaolipa na kusahau. Benki hukata fedha yenyewe kila mwezi, mwenye kadi ana kazi nyingi, mwezi waisha hajaingia hata mara moja. Wasahaulifu hao ndio wanaowalipia waendao kila siku.

Ile iliyoanguka

Isije mtu akadhani kwamba mwenye kuuza kadi hawezi kukosea hesabu. Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo MoviePass, iliyoanzishwa mwaka 2011. Agosti 2017 ilishusha bei yake ikawa dola 9 na senti 95 kwa mwezi, na mtu akaruhusiwa kutazama filamu moja kila siku. Watu wakaja kama kumbikumbi taa ikiwashwa. Kufikia Juni 2018 kampuni ilitangaza kwamba wanachama wamezidi milioni 3.

Hapa ndipo penye somo. MoviePass haikuwa na majumba ya sinema. Kila mwanachama alipoingia, kampuni ilimlipa mwenye jumba bei kamili ya tikiti. Mwaka 2017 bei ya wastani ya tikiti huko Marekani ilikuwa dola 8 na senti 97. Hesabu wewe mwenyewe: mwanachama akienda mara 2 kwa mwezi, tikiti zake ni dola 17 na senti 94, naye amelipa dola 9 na senti 95. Kampuni yapoteza karibu dola 8 kwa mtu huyo mmoja, kwa mwezi mmoja. Haikuwa na viti vitupu vya kujaza, wala bisi za kuuza.

Julai 2018 fedha ziliisha hata ikabidi kukopa dola milioni 5 za haraka. Agosti ikapunguza ruhusa, ikawa filamu 3 kwa mwezi. Septemba 14, 2019 ikafungwa, na Januari 2020 ikaingia katika kufilisika. Mwaka 2021 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi ilieleza kwamba kampuni ilikuwa imewawekea vizuizi watu walioitumia kadi mno, hata kuzima maneno yao ya siri ili wasiweze kuingia. Baadaye jina hilo lilifufuliwa kwa mpango mwingine, lakini waliokuwa wamelipa mbele walikwisha kujifunza.

Basi ndugu msomaji, shika neno la kwanza: ukiambiwa kitu hakina kikomo, uliza ni nani anayelipia. Ukiona hakuna anayelipia, kikomo ki karibu, nawe usilipe fedha ya mwaka mzima mbele.

Hesabu tatu

Sasa turudi kwa kijana wetu. Nilimpigia simu jioni. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nikasikia kwamba amekwisha kupata habari za hasira ya baba yake. Nikamwambia achukue karatasi na kalamu kama zamani. Bei alizonitajia nimezikata kidogo ziwe rahisi: kadi pauni 18 kwa mwezi, tikiti moja pauni 10.

Hesabu ya kijana ilikuwa hii. Filamu 11 kwa tikiti za kawaida ni pauni 110. Yeye amelipa 18. Kwa hiyo ameokoa pauni 92. Alijisifu.

Hesabu ya baba yake ilikuwa hii. Mara 11, kila mara saa 3 au 4 pamoja na njia. Ni saa 40 zilizoibwa kwenye vitabu, na fedha ya ng'ombe imeliwa.

Mimi nikamwuliza swali moja tu: "Kabla ya kununua kadi, ulikwenda sinema mara ngapi kwa mwezi?"

Akajibu, "Mara moja, Mwalimu."

"Ulitumia nini siku hiyo?"

"Tikiti pauni 10, nauli ya kwenda na kurudi pauni 3, bisi na soda pauni 5."

"Jumla pauni 18. Na Desemba?"

Akaandika. Kadi pauni 18. Nauli mara 11, pauni 33. Bisi na soda alinunua mara 6, pauni 30. Jumla pauni 81. Toa zile 18 za zamani. Ametumia pauni 63 zaidi kuliko alivyozoea.

Kijana alinyamaza simuni. Halafu akasema polepole, "Mwalimu, pauni 63 mimi hula majuma mawili."

Naam. Hapo ndipo wengi wanapokosea, huko Ulaya na hapa kwetu. Akiba haipimwi kwa bei ya vitu ambavyo hungalivinunua. Kama ulikuwa hununui tikiti 11, hukuokoa fedha ya tikiti 11. Akiba hupimwa kwa fedha iliyokuwa ikitoka mfukoni jana na inayotoka leo. Mtu akinunua madebe matatu ya rangi kwa kuwa bei imeshuka, na nyumba yake yahitaji debe moja, hakuokoa kitu. Ana madebe mawili stoo, na mfuko mtupu.

Lakini hesabu ya baba nayo haikuwa sawa. Nilimwuliza kijana fedha ya kadi yatoka wapi. Akasema yatoka katika kazi yake ya dukani mwisho wa juma. Wanafunzi wageni wa vyuo huko huruhusiwa kufanya kazi mpaka saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Ng'ombe wa mzee walikwenda katika ada ya chuo, na ada imelipwa, na risiti alinitumia nikaiona.

Nikamwuliza la mwisho: "Basi kwa nini mara kumi na moja, mwanangu?"

Akasema: "Mwalimu, mwezi wa Desemba jua huku hutua kabla ya saa kumi alasiri. Chumba changu ni kimoja, wenzangu wamekwenda makwao kwa sikukuu. Ukikaa peke yako unasikia saa ya ukutani tu. Kule jumbani kuna joto, na taa zikizimwa nasikia watu wanacheka pamoja nami."

Neno hilo nalo nililiandika katika hesabu, maana mwenye kuhesabu fedha peke yake hajamaliza kazi.

Mashauri kwa mwenye kadi

Haya ndiyo niliyomwandikia kijana, na mwenye mtoto huko aweza kumsomea kwa simu.

Kwanza, kabla ya kununua, tazama miezi mitatu iliyopita. Ulikwenda mara ngapi kweli? Usihesabu mara unazotamani kwenda. Kwa bei nilizotaja, anayekwenda mara 1 kwa mwezi atapata hasara ya pauni 8 kwa kadi. Anayekwenda mara 2 yu karibu sawa. Kuanzia mara 3 ndipo faida yaonekana.

Pili, ukiisha nunua, usikimbizane na hesabu. Ukienda mara 2, kila filamu ni pauni 9. Mara 3, pauni 6. Mara 6, pauni 3. Mara 9, pauni 2. Waona? Kutoka mara 2 hadi 6 bei ya kila filamu imeshuka pauni 6. Kutoka 6 hadi 9 imeshuka pauni 1 tu, nawe umetoa jioni 3 zaidi, na nauli 3 zaidi. Jioni ni mali. Kadi yasema haina kikomo, lakini siku ina saa 24, na huo ndio ukomo wa kweli.

Tatu, jumba liwe njiani mwako. Kadi nzuri kwa jumba la mbali ni shamba zuri ng'ambo ya mto. Kama jumba li kati ya chuo na nyumbani, nauli ni ile ile ya kila siku, wala huongezi senti.

Nne, kula nyumbani kwanza. Kadi hupunguza bei ya tikiti, haipunguzi njaa. Kampuni nyingine humpunguzia mwenye kadi bei ya bisi, lakini kitu kilichopunguzwa bei bado ni kitu cha kununua.

Tano, soma mkataba mpaka maneno madogo ya chini. Uliza: unanifunga kwa miezi mingapi? Nikitaka kuacha, nitoe taarifa siku ngapi mbele? Ukumbi wa pazia kubwa na miwani una malipo ya ziada? Majumba ya katikati ya London yamo katika bei hii, au yana bei yake? Nikiandikisha kiti nisifike, kuna adhabu? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Sita, chagua siku moja ya juma, ishike. Uingereza filamu mpya nyingi huingia Ijumaa. Ufaransa huingia Jumatano. Tazama orodha inapobadilika, panga juma lako, kisha usipange tena. Tena, filamu kubwa za mashujaa hukaa majuma mengi, zitakungoja. Filamu ndogo huondoka upesi. Tazama ndogo kwanza. Mwaka 2016 ilitoka filamu ya Queen of Katwe, habari ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe huko Kampala, aliyejulikana kwa mchezo wa sataranji. Mwafrika mgeni mjini angependa kuiona. Lakini filamu za namna hiyo mara nyingi hazidumu, na anayesema "nitakwenda juma lijalo" hukuta kibao kimebadilishwa.

Saba, na hili ndilo tunda hasa la kadi: jaribu kitu ambacho usingethubutu kukilipia. Mwenye tikiti ya pauni 10 huogopa kukosea, hivyo hutazama aina ile ile kila mara. Mwenye kadi aweza kuonja. Atazame filamu ya Kihindi, au ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiingereza chini, ajifunze lugha na desturi za watu. Na kama filamu ni mbaya, au ni ya mambo asiyotaka kuyabeba kichwani, ainuke atoke. Hajapoteza kitu. Mwenye tikiti hukaa mpaka mwisho kwa uchungu wa fedha yake. Mwenye kadi ana uhuru wa kuinuka, na wengi hawautumii.

Nane, wenye watoto wawe na hesabu nyingine. Kadi ni ya mtu mmoja. Baba akiingia kwa kadi na watoto watatu kwa tikiti, nyumba imelipa tikiti tatu. Majumba mengi ya Uingereza yana maonyesho ya watoto asubuhi, mwisho wa juma na siku za likizo, kwa bei ndogo sana. Kwa nyumba yenye watoto hayo mara nyingi yafaa kuliko kadi.

Tisa, weka daftari. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe, jina la filamu, fedha iliyotoka, na mstari mmoja wa ulichokipata. Mstari huo ukikosekana mara tatu mfululizo, jua kwamba unakwenda kwa mazoea tu.

Kumi, weka siku ya kuacha. Andika kwenye kalenda siku mkataba unapokwisha, na siku hiyo amua upya. Usiiache benki iamue.

Yaliyofuata

Nilikwenda kwa mzee siku ya tatu kama nilivyoahidi. Nilimweleza hesabu zote tatu. Aliposikia pauni 63 alitikisa kichwa. Aliposikia habari ya risiti alishusha pumzi. Lakini nilipomweleza ile ya jua kutua kabla ya saa kumi, na chumba kimoja, na kicheko cha watu gizani, mzee alitazama mbali shambani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mbona hakuniambia mimi?"

Sikuwa na jibu. Labda ninyi wazazi mnalo. Watoto wetu wakipiga simu twawauliza masomo yanaendaje, na ada, na baridi. Nao hutujibu "salama," maana ng'ombe wameuzwa, naye ambaye ng'ombe wameuzwa kwa ajili yake huona haya kusema kwamba yu mpweke.

Jioni ile baba alimpigia mwanawe mwenyewe. Sikuwapo, wala sikuuliza waliyosemezana. Najua tu waliyokubaliana: kijana ataendelea na kadi, siku ya Jumatano, mara moja kwa juma, naye Jumapili atampigia baba yake na kumsimulia filamu aliyoiona.

Februari alinitumia picha ya daftari lake. Mara 4. Jumba lilikuwa njiani atokapo chuoni, hakuongeza nauli. Alikula kabla ya kwenda. Jumla ya mwezi: pauni 18. Ndugu msomaji, rudi juu utazame. Ni fedha ile ile aliyokuwa akitumia zamani kwa filamu moja na bisi zake. Sasa kwa fedha hiyo anaona filamu nne. Hiyo ndiyo faida ya kadi, wala haikutoka katika kwenda mara nyingi. Imetoka katika kwenda kwa mpango.

Lakini sitawaficha hasara. Mwezi wa Mei ulikuwa wa mitihani, hakukanyaga sinema. Alitaka kuisimamisha kadi, akaambiwa kwamba alitia sahihi miezi 12, wala hakuna kusimamisha. Alisoma mkataba kwa mara ya kwanza siku ile. Pauni 18 zikaenda bure. Alinitumia ujumbe: "Mwalimu, shauri la tano limenifika mwezi wa nane." Mkataba wake wakoma Oktoba. Ameizungushia siku hiyo mviringo mwekundu kwenye kalenda.

Naye mzee? Siku hizi Jumapili jioni hakai kijiweni mpaka simu iwe imelia. Kisha huja na habari. Juma moja alitusimulia filamu ya mzee wa Japani na mbwa wake, vizuri hata nikadhani aliiona yeye. Akasema, "Mwalimu, kadi ni moja, lakini tunaingia wawili."

Na sisi huku?

Mwanzoni niliwaahidi ndugu za kadi hii. Mnazo mkononi. Kifurushi cha simu cha juma au cha mwezi ni ndugu yake wa tumbo moja. Unalipa mara moja, kisha unajiona una haki ya kukimaliza kabla hakijakwisha muda, hata usiku wa manane huku taa imezimwa na jembe lakungoja alfajiri. Kijana asema, "Zimebaki dakika, zisiharibike." Basi dakika hazikuharibika. Kilichoharibika ni usingizi.

Leo jioni fanyeni jambo moja. Mkiisha kula, kila mtu mzima wa nyumba aandike fedha ya vifurushi aliyotumia mwezi uliopita, na kando yake fedha aliyokuwa akitumia kwa simu kabla hajazoea vifurushi. Msiangalie ile bei kubwa ambayo kampuni yasema mmeiokoa. Angalieni jana na leo.

Na kama katika hesabu hiyo mtakuta simu moja ndefu kwa mtoto aliye mbali, hiyo iacheni. Tena mwulizeni anafanya nini jioni, jua likishatua.

Hadi juma lijalo, nawatakieni heri.